Tulienda Kumsalimu Mheshimiwa

Mama alikuwa hatoki tena. Magoti yalimkatalia, na nyumba ya serikali tuliyopewa hapa ugenini, Campbelltown, iko ghorofa ya tatu, ngazi tupu, hakuna lifti. Mara moja tulimbeba kwenye kiti kumpeleka kanisani, akaona aibu mbele ya majirani, akasema basi. Tulitaka tuhamishiwe nyumba ya chini. Watu wakatuambia nyumba hizo ni mambo ya bunge la jimbo, nendeni mkamwone mbunge wenu.

Baba alifurahi kupita kiasi. Kwetu Kongo yeye mwenyewe alikuwa depite, yaani mbunge, wa bunge la jimbo. Nakumbuka ua wetu ukijaa watu kila asubuhi. Mwenye adabu alikuja kwanza kusalimu, shida yake akairudisha nyumbani hadi siku nyingine. Aliyeanza na shida, baba alimwona hakulelewa. Hapa anapanga maboksi kwenye ghala kule Ingleburn, na hakuna anayemwita mheshimiwa.

Siku ya randevu na mbunge alivaa suti yake ya bungeni, ambayo sasa inampwaya. Mbunge alikuwa mama mchangamfu, tukapewa robo saa. Baba akamwuliza habari za wazazi, za watoto, za kazi, akampongeza kwa uchaguzi, kisha akaanza kumsimulia bunge letu. Mimi natafsiri, macho yangu yakiwa kwenye saa ya ukutani. Mwishowe mbunge akauliza mwenyewe atusaidie nini.

Baba hakuningoja. Akajibu kwa Kiingereza chake kidogo kwamba hapana, tumekuja kusalimu tu.

Nikafungua mdomo kutaja ngazi. Akanishika mkono.

"Si leo, mwanangu. Usiniaibishe mbele ya mwenzangu."

Msaidizi alikuwa ameshafungua mlango, wengine wanasubiri. Wakapiga picha, wakaagana, nami nikaambiwa nafasi nyingine ni mwezi ujao. Njiani nilimkasirikia baba, tena nikamwonea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Tulimkuta mama amevaa kitenge chake cha kutokea, ameketi karibu na mlango. Akauliza mheshimiwa amesemaje.

"Anakusalimia sana," baba akasema.

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Nimezipokea," akasema, akaanza kuvua kilemba.