Paa la Hanna na Ng'ombe wa Eunike

Siku Hanna alipomaliza kuezeka nyumba yake kwa mabati, Eunike alikuwa wa kwanza kwenda kumpongeza, na wa kwanza kuondoka.

Walikuwa wameolewa na ndugu wawili: Hanna alikuwa mke wa Elisaria, aliye mkubwa, na Eunike mke wa Mika, mdogo wake. Nyumba zao zilitazamana kijito kikiwa katikati, kwenye miteremko ya Meru, juu ya Makumira. Ilikuwa miaka ile ya Mwingereza ambapo bei ya kahawa ilipanda, na mlimani kote watu wakawa wanaezua nyasi na kuweka bati. Sasa kila asubuhi jua likigonga paa la Hanna, mng'ao ulivuka kijito na kumpiga Eunike usoni akiwa bado anapuliza moto. Alihamisha jiko upande wa pili wa nyumba. Akasema moshi ndio uliomsumbua.

Bati lile lilimnyang'anya Eunike mengi. Akina mama wa usharika, waliokuwa wakisali nyumba hii wiki hii na nyumba ile wiki ijayo, wakahamia kwa Hanna moja kwa moja, maana pale hapavuji. Hanna naye hakujisifu waziwazi. Alilalamika tu.

"Mwenzangu, mvua ikinyesha siku hizi hatusikilizani humu ndani."

"Pole sana," alijibu Eunike. Akarudi kwake, akalala akiitamani kelele hiyo.

Mika alikuwa akifanya kazi katika shamba la setla upande wa Usa River, na alirudi nyumbani Jumamosi tu. Kila alipofika, mkewe alimwanzia habari za paa. Mika alimjibu kwamba wangoje mavuno mengine. Lakini wivu hauna mavuno ya kungoja.

Fundi aliyemwezekea Hanna aliitwa Solomoni. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye shati jeupe na sauti ya mhubiri. Siku moja katikati ya wiki, mawingu ya masika yakiwa yameanza kushuka mlimani, lori lake lilisimama kwenye njia iliyopita mbele ya nyumba ya Eunike. Juu walikaa vibarua wawili, na mabati yamefungwa kwa kamba.

"Habari za hapa, mama," alisema akivua kofia. "Nimetoka kwa mwenzio ng'ambo. Nilimwambia nitapita huku, akanikataza. Ameniambia, wale hawajawa tayari, waache."

Eunike alihisi masikio yanawaka. "Hanna ndiye aliyesema hivyo?"

"Mimi si mchonganishi, mama. Nimesema nilichosikia." Alitembea kuizunguka nyumba, akachomeka kidole kwenye nyasi za paa na kutoa ungaunga uliooza. "Paa hili halivuki masika. Na mabati yaliyobaki ndiyo hayo unayoyaona. Mwalimu mmoja kule chini anayataka kabla ya jioni. Nikimpa yeye, tungoje meli nyingine ifike Tanga."

"Basi rudi Jumamosi, baba wa nyumba atakuwepo."

"Kwani mvua inamnyeshea nani katikati ya wiki, yeye au wewe?"

Kabla Eunike hajajibu, Solomoni alikuwa amefumba macho na kuanza kuomba. Aliiombea nyumba, akawaombea watoto, akaliombea paa jipya litakalong'aa kuliko mapaa yote ya mlima huu. Eunike alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyolelewa, na ombi lilipokwisha, mdomo ukasema wenyewe: "Amina."

"Mmesikia?" Solomoni aliwageukia vibarua. "Mama amekubali. Pandeni."

"Mimi nimeitikia sala tu!"

"Amina ni ndiyo, mama. Wataka kumrudisha Mungu nyuma?"

Vibarua walikuwa wameshapanda. Mafungu ya nyasi yakaanza kuanguka, vumbi la masizi likajaa ua. Eunike aliwaambia washuke, lakini ukweli ni kwamba hakupiga kelele kama ambavyo angeweza. Kwa dakika chache hizo aliliona paa lake likimmulika Hanna machoni, akawaona akina mama wa usharika wakivuka kijito kurudi kwake, na sauti yake ikapungua nguvu. Upande mmoja wa nyumba ukabaki pau tupu.

Ndipo Solomoni akaenda nyuma, akarudi akivuta ng'ombe wa maziwa kwa kamba.

"Huyu unampeleka wapi?"

"Arubuni, mama. Mengine nitamalizana na mzee Jumamosi."

Ng'ombe huyo hakuwa wa Mika. Baba yake Eunike, kule Kikwe, ndiye aliyempa Eunike alipojifungua mtoto wa kwanza. Aliishika kamba. Solomoni hakuiachia.

"Angalia mawingu yale, mama, halafu angalia nyumba yako. Nikiondoka, nani atakufunika? Mwenzio alimtoa wake bila kelele."

"Alimtoa nani?"

"Ng'ombe wake. Mabati huyanunui kwa ndizi."

Hanna alikuwa amemwambia kila mtu kwamba ng'ombe wake amepelekwa kwa wajomba kwenye malisho. Kumbe ndiyo sababu watoto wa ng'ambo walikuwa wakinywa uji mtupu bila maziwa! Furaha ilimpanda Eunike kifuani, furaha mbaya, tamu kama asali ya wizi. Tangu bati lile lipande, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kitu alicho nacho yeye na Hanna hana. Na mtu huyu alikuwa anataka kukichukua.

Aliivuta kamba kwa nguvu zote, na safari hii alipiga kelele kweli. Sauti ilifika kanisani. "Mwizi! Shusha watu wako! Ng'ombe wangu haendi popote!"

Watu walianza kutokea migombani, na Hanna alikuwa mbele yao, amekwishaona nyasi zikianguka. Solomoni hakungoja kusalimiana. Aliiachia kamba, akawaita vibarua, akapanda lori akinung'unika kuhusu watu wasiojua maendeleo.

Matone ya kwanza yalianguka. Hanna alipandisha khanga kiunoni, akakata majani ya migomba, na akina mama wakasaidiana kuyatandaza juu ya pau. Eunike alipokea kila jani kutoka mikononi mwa Hanna, na kila jani lilimchoma. Angependa anyeshewe kuliko kusaidiwa na mwanamke huyo.

"Ulimwambia sisi hatujawa tayari?" aliuliza hatimaye.

"Nilimwambia," alisema Hanna bila kugeuka. "Na mimi alinisomea sala hiyo hiyo. Nilitaka asije kwako."

Eunike hakujua amwamini au la. Jioni alimpelekea kibuyu cha maziwa, kimejaa hadi mdomoni, akakaa mpaka Hanna alipoonja. Ilikuwa shukrani, lakini haikuwa shukrani peke yake.

Jumamosi Mika aliyakuta majani ya migomba juu ya nyumba. Alisikiliza yote, akacheka, kisha akaenda kukata nyasi.

Mavuno ya pili yalipopita, waliezeka bati kwa fundi wa kijijini waliyemjua tangu utotoni, tena Mika akiwa amesimama chini. Eunike aliomba kitu kimoja tu zaidi: baraza mbele, lenye nguzo. Hanna alikuja kupongeza. Alilitazama baraza kwa muda mrefu, akapitisha kiganja kwenye nguzo.

"Zuri," alisema. "Ila upepo wa mlimani utawasumbua hapo."

"Utatusumbua kweli," alijibu Eunike, akamvutia kiti.