Mbuzi Wawili wa Filamu Yangu

Mwaka ule nilikuwa mpokeaji wageni katika ofisi ya bima kule Upper Hill. Jumatatu hadi Ijumaa niliwaambia watu, "Keti hapo, utaitwa." Jumamosi nilikuwa mwongozaji wa filamu.

Darasa letu lilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Ngazi ya kwanza ya mafunzo nilikuwa nimeimaliza. Huko tulifundishwa kushika kamera bila kutetemeka. Ngazi ya pili ilihusu mwendelezo. Mwalimu wetu, mwanamume mwenye kizibao cha mifuko mingi ambaye hatukuwahi kumwona akicheka, alitueleza hivi: kama mtu ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, katika picha inayofuata kikombe kiwe mkono huohuo, hata kama umeipiga mwezi mmoja baadaye.

"Mtazamaji atakusamehe umaskini," alisema. "Hatakusamehe kikombe."

Tulipewa kazi ya kutengeneza filamu ya dakika tatu. Yangu ilikuwa ya huzuni kabisa: mama mzee anahamia mjini kwa mwanawe, inabidi amuage mbuzi wake wa pekee. Shangazi yangu wa Dagoretti alikubali kuigiza kwa sharti moja. Yeye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, kwa hivyo hangeweza kusimama mbele ya watu akisema mambo ambayo si ya kweli. Basi nikaondoa maneno yote. Angelia tu.

"Kulia si uongo," alisema. "Mimi nikitaka kulia sikosi sababu."

Mbuzi tuliazimwa na jirani yake. Alikuwa jike wa kahawia, mtulivu, mwenye uso wa mtu anayesikiliza mahubiri. Jumamosi ya kwanza tulipiga picha za mbali: shangazi akimtoa zizini, shangazi akimpeleka hadi kwenye ua. Mwenzangu wa darasani, fundi wa redio, alishika maikrofoni aliyoifunga kwenye mpini wa ufagio na kuivisha kitambaa cha manyoya ili upepo usiingie. Kila kitu kilienda sawa. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshaiva.

Jumamosi ya pili zilibaki picha za karibu, za kuagana. Nikaenda kwa jirani kumchukua mbuzi.

"Ile mbuzi?" akasema. "Si ilienda mahari Jumatano."

"Mahari?"

"Kijana wangu ameoa. Ungeniambia bado unaitaka. Lakini niko na ingine."

Ile nyingine ilikuwa beberu mwenye ndevu, mweupe kama sahani.

Nilikaa juu ya debe nikamkumbuka mwalimu na kikombe chake. Fundi wa redio ndiye aliyepata wazo. Akaenda dukani akarudi na mikebe minne ya rangi ya viatu, ya kahawia. Tulimpaka beberu kwa brashi kuanzia pembe hadi mkia, naye akasimama kwa raha zake kama yuko kwa kinyozi. Ndevu tulizikunja tukazibana chini ya kidevu kwa pini za nywele za shangazi. Ukimtazama kwa jicho moja, alifanana na yule jike. Tatizo lilikuwa harufu. Alinuka kama gwaride la polisi.

Nikamwambia shangazi, "Ukishaanza kulia, usikome mpaka niseme kata. Lolote likitokea, endelea."

"Nimesikia, mama."

Akaanza. Akamkumbatia mbuzi shingoni, akaweka shavu lake kwenye shavu la mbuzi, machozi yakamtoka ya kweli. Nilipomsogeza karibu kwenye kioo cha kamera, nikaona shavu lake limekuwa la kahawia. Machozi yalikuwa yanaosha rangi. Kadiri shangazi alivyolia, ndivyo mbuzi alivyozidi kuwa mweupe na yeye kuzidi kuwa mbuzi. Pini moja ikachomoka, ndevu zikaanguka. Fundi wa redio akaanza kucheka bila sauti, mpini wa ufagio ukawa unatikisika, na beberu, aliyeyapenda yale manyoya tangu alipoyaona, akainua uso na kuyatazama kwa mapenzi makubwa.

Nilipaswa kusema kata. Nilikuwa nimejiuma kidole nisicheke.

Shangazi, mtu wa kutii, alilia dakika sita.

Sikuwa na muda wa kurudia. Nilihariri vile vilivyokuwepo, kompyuta ya darasani ikiganda kila baada ya picha tatu, na siku ya kuonyesha nikaketi nyuma karibu na mlango. Picha ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ndevu zilipoanguka, darasa zima liliporomoka. Msichana wa mbele alishuka chini ya meza. Nikamwangalia mwalimu: alikuwa amefunika uso kwa kizibao chake, mabega yakiruka.

Alipotulia alijifuta macho akasema, "Mwendelezo, umeanguka. Umeanguka vibaya sana. Lakini hapo mbuzi anapotazama mbinguni, ulimwambia nini?"

"Ni maikrofoni, mwalimu."

"Usimwambie mtu mwingine."

Nilipita. Kisha shangazi akataka filamu yake. Nilimpelekea diski siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa, nikiomba stima ipotee. Haikupotea. Wanawake kumi na wawili walitazama hadi mwisho wakiwa na vikombe vya chai mkononi, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Wawili walikuwa wanalia. Shangazi alitazama uso wake uliopakwa rangi ya viatu, akatikisa kichwa polepole.

"Mmeona vile nililia?" akauliza.

"Tumeona," wakaitikia.

Mmoja akanigeukia. "Na hiyo mbuzi ilikuwa mgonjwa? Mbona ilibadilika rangi?"

"Ni huzuni," shangazi akamjibu kabla sijafungua kinywa, kisha akaniagiza niirudishe mwanzo.