Taa ya Landlord Ilikuwa na Kamera

Wasee, landlord amekuwa akiniangalia sebuleni kwangu!

Juzi alituletea taa mpya hapa Kiamunyi, akaniomba password ya WiFi, eti taa ni smart, inawashwa kwa simu. Nikampa. (Nichekeni tu.)

Leo nimeandika programu ndogo ya Python inionyeshe kila kifaa kilichoshika WiFi yangu. Kwenye orodha, taa ikajitaja: kamera.

Nikaifungua. Kamera kweli!

Nikampelekea mlangoni kwake.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni ya usalama wako, madam."

"Usalama gani, na mimi hupita hapo na taulo nikitoka kuoga?"

Bibi yake akatokea nyuma yake. "Kumbe hiyo ndiyo huwa unaangalia kwa simu?"

Niko njiani kwenda polisi. Majirani, fungueni taa zenu sasa hivi!