Wimbo wa Gari Lenye Pazia

Mpaka leo watu wananiuliza kama marehemu mume wangu alikuwa na haki ya kuutunga ule wimbo. Wananiuliza mimi, kana kwamba niliutunga mimi. Kila mara najibu tofauti, na kila mara nikishajibu naona nimekosea.

Tulikaa kambi ya mkonge karibu na Korogwe, enzi za Mwingereza. Siku za kazi mume wangu alikata mkonge, Jumapili kiwanja cha ngoma kilikuwa chake. Wenzake waliimba mapenzi na kumsifu mnyapara. Yeye aliimba vidonda, njaa na maiti. Nikimwambia, "Baba watoto, tunga basi hata mmoja wa kuchekesha," ananijibu, "Wa kuchekesha wapo tele. Haya nisiposema mimi, atasema nani?" Jeuri hiyo ndiyo iliyonifanya nimpende, na ndiyo iliyonichosha.

Basi siku moja jirani yetu alinaswa mkono na korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Wakampakia kwenye gari la wagonjwa la shamba, lililokuwa na pazia madirishani, wakampeleka Tanga. Hakurudi, wala hatukuambiwa amezikwa wapi. Mume wangu siku ile hakugusa chakula. Jumapili akaingia kiwanjani na wimbo mpya: lina pazia lile gari, utaingia na damu, utatoka ngozi. Wanawake walilia, na mimi mwili ulinisisimka. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko zake zote, siwezi kudanganya.

Siku hizo habari za mumiani zilikuwa zimetapakaa, kwamba wako watu wanaonyonya wenzao damu ya kutengenezea dawa. Mume wangu hakumtaja mumiani hata mara moja. Watu walimtia wenyewe. Haukupita muda, ukienda Handeni unausikia, ukipanda Vugiri unausikia. Kwenye zahanati ya shamba akabaki mganga peke yake, anafukuza nzi.

Kisha binti yetu mdogo akashikwa na homa. Shingo ikakakamaa, ukimgusa kichwa analia. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kang'ata, na mtoto alikuwa mapajani mwake. Nikasema tumpeleke zahanati.

"Mke mwenzangu haendi," alisema, akimpangusa jasho mjukuu wake, ambaye siku zote alimtania hivyo. "Wampakie gari lile? Si mwanangu mwenyewe ndiye aliyetuimbia?"

"Mama, ule ni wimbo," mume wangu akasema. "Nimeutunga kichwani mwangu."

"Na jirani yako yuko wapi?"

Mume wangu akageuka kutazama mlangoni.

"Jana ulisema gari linaua, leo unasema linatibu. Wamekupa nini, mwanangu?"

Nilimwona uso ukimshuka. Mama yake mzazi alikuwa anamwona kibaraka wa mumiani.

Akaendelea mama mkwe: "Kama kweli ni maneno yako, yatemee maji." Kwetu mtu aliyetamka neno baya kwa hasira, akitaka kulitengua, hujaza maji mdomoni akayapuliza chini, akasema moyo wangu mweupe. Mpaka afanye hivyo, wazee hawakubali mgonjwa wa nyumba hiyo atibiwe.

Mume wangu akakataa. "Sikumlaani mtu, mama. Nikitema maji nitakuwa nimesema yule mwenzetu hakuumia."

"Mtoto anakufa, wewe unautetea wimbo!" nilimwambia. Alitoka, akarudi, akatoka tena. Nilimchukia. Na huku namchukia nilijua anachosema ni kweli, jambo lililozidi kunitia hasira.

Mwishowe akachota maji kwa kata, akajaza mdomo, akapuliza kizingitini. "Moyo wangu mweupe. Wimbo ule nimeuvunja." Mama mkwe akayatazama maji yakinywewa na vumbi. Nje walikuwa wanapita wanawake na mizigo ya kuni, wanauimba.

"Na wale," akauliza taratibu, "utawatemea maji wewe?"

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nilimpokonya mtoto, mimi, mkwe wake, nikamfunga mgongoni nikaondoka bila kuaga. Mume wangu akanifuata. Mganga alipomwona mtoto hakuuliza mengi, akatupakia kwenye gari lile lile kwenda hospitali. Njia nzima mume wangu alilishika pazia mkononi, halifungui wala haliachii.

Mtoto alipona, masikio hayakupona. Daktari alisema angewahishwa labda yangepona. Hiyo labda nimeishi nayo mpaka nimezeeka.

Mume wangu aliendelea kutunga, na nyimbo zake hazikupata kuwa tamu. Sikumkataza. Yule jirani alistahili kuimbiwa, nasema hivyo mpaka kesho, na nikisema hivyo moyo unaniuma kwa ajili ya mwanangu. Ule wa gari yeye hakuuimba tena, ila kila Jumapili watu waliuanzisha wenyewe, na yeye alisimama katikati yao ameinamisha kichwa. Watoto wote wakiusikia walikimbilia kwa mama zao. Wa kwetu alibaki pale pale mbele, anaona midomo tu imefunguka, anamchekea baba yake na kumpigia makofi.