Kuwachorea Watoto Wasiosikia Treni

Nilianza kuchora kwa kupenda maneno. Michoro yangu ya kwanza, niliyoibandika ukutani pale chuoni, ilikuwa ya watu wawili wenye pua kubwa wakitukanana kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, nusu Kifaransa. Wanafunzi walicheka. Baadaye nikawachorea akina mama wa parokia visa vya nyumbani, nikapunguza matusi, nao wakacheka pia.

Mwalimu wangu wa bédé, yaani hadithi za picha, mzee anayepaka mabango ya maduka mjini, hakucheka.

"Weye unachekeshaka na maneno tu," aliniambia. "Siku ile maneno haitakuwa, utafanya nini?"

Siku hiyo haikuchelewa. Masere mmoja, mtawa anayeongoza shule ya watoto viziwi huko Annexe, pembezoni mwa mji, alikuja kumwomba mwalimu hadithi ya picha. Watoto wake walivuka njia ya reli kila asubuhi, na msichana mmoja alikuwa amenusurika chupuchupu. Dereva wa treni alipiga honi, akapiga tena, mtoto akaendelea kutembea. Mama mmoja muuza makala, yaani makaa ya kupikia, ndiye aliyemvuta kwa kola ya shati.

Mwalimu akanisukumia kazi ile. "Nkambo yako alitumikaka ku reli. Treni unaiyua." Kweli babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli.

Nilichora upesi, kwa furaha. Treni inatokea kwenye kona, mtoto anaruka kando, na neno TUUUUT limejaa nusu ya ukurasa. Masere akaweka kidole juu ya neno lile.

"Iko muzuri, mama. Lakini hii tuut unaiandikia nani? Batoto bangu habasikiake."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilirudi nyumbani, nikachukua pamba, nikaenda kusimama mbali kidogo na reli, nyuma ya wauzaji wanaokaa kandokando yake, masikio yameziba. Nilijua treni ingepita, na bado ilinishtua. Hapakuwa na kitu, kisha pakawa na ukuta wa chuma unaokimbia mbele ya macho yangu. Kilichonibaki akilini ni mtetemo nyayoni, uliofika kabla ya treni yenyewe. Nikasema, hicho ndicho nitakachowachorea.

Nikachora msichana aliyeinama, kiganja kimegusa reli, mistari ya mtetemo ikipanda mkononi hadi begani. Sijawahi kuchora mkono mzuri kama ule. Hata mwalimu aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Siku ya kuonyesha, tulibandika karatasi kubwa ubaoni. Mimi nimezoea kujua kwa kicheko kama nimefaulu. Pale hapakuwa na kicheko wala mguno, ila mikono mingi ikizungumza kwa kasi, na mimi sikuelewa hata moja.

"Banasema nini?" nilimwuliza masere.

"Ngoja kwanza."

Msichana mwenye utepe wa kijani kichwani, yule yule aliyevutwa kola, akaja mbele. Aliukagua mkono ule niliouchora, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akatoka nje hadi barazani, akachutama, akaweka kiganja juu ya chuma cha kizingiti cha mlango, akainamisha kichwa na kungoja. Wenzake wakamfuata. Wakajipanga barazani, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kushika chuma na kutulia, bila haraka.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichowafundisha. Niliwaona wamechutama hivyo hivyo kwenye reli ya kweli, vichwa chini, wakingoja.

"Masere, uwaambie hapana!" nilipiga kelele, kelele zisizomfaa mtoto yeyote pale. Nikairukia karatasi, nikaipasua.

Msichana alinijia kwa hasira, mikono ikinipigia maswali usoni.

"Anauliza, juu ya nini unapasula kintu kizuri," alitafsiri masere.

Nikamwomba masere amweleze kwamba atakayeweka mkono relini hatawahi kuutoa. Kisha nikamwomba msichana, kupitia kwa masere, anionyeshe: njiani, wewe unajuaje kwamba kitu kinakuja? Alifikiri. Halafu akajifanya muuza makala anayevuta beseni lake nyuma ghafla, akajifanya baba anayekunja shingo kuangalia upande mmoja, mdomo wazi, kama wafanyavyo wanaosikia honi. Kisha akawa yeye mwenyewe: akasimama wima, mbali, akatazama kushoto na kulia. Alimwigiza yule baba vizuri mno, darasa zima likalipuka kwa kicheko kizito kilichotoka tumboni.

Nilichukua chaki nikachora pale pale, yeye akinisahihisha kwa kunishika kiwiko. Nyuso za watu, macho ya mtoto, miguu iliyo mbali na reli. Hakuna neno hata moja, na hakuna mkono unaogusa chuma.

Michoro hiyo ilinakiliwa karatasini, watoto wakapewa. Mimi sikutulia. Kila honi iliposikika upande ule, kalamu ilisimama mkononi mwangu.

Mchana mmoja nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwenye kivuko saa ya kutoka shule. Watoto walifika wakisukumana. Msichana wa utepe akanyoosha mkono, akawazuia wadogo. Wakatazama kushoto, kulia, na nyuso za wauzaji. Treni haikuwepo. Wakavuka.

Sijui kama ulikuwa mchoro wangu au makaripio ya masere ya kila asubuhi. Nilibaki nimesimama mpaka kiatu cha mtoto wa mwisho kilipotoka kwenye kokoto za reli.