Kabla ya Kununua Kadi, Tazama Anayesubiri

Nakumbuka siku moja ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya harusi ya kaka yangu ziliiva zote kwa pamoja, na juisi ikawa haitoki ya kutosha. Nilikuwa msichana mwenye haraka na mdomo. Nikatangaza kwamba mtumbwi wa kukamulia ni mdogo, tukaazime mkubwa kijiji cha Nyakasimbi. Shangazi yangu, mtu asiyependa kelele, akanivuta kando.

“Kaa hapa kwanza,” akasema. “Tazama nani anafanya kazi na nani anasubiri.”

Nikakaa. Wanaume wa kukanyaga ndizi walikuwa wamesimama mtumbwini wakipiga soga, kwa sababu wamenyaji tulikuwa wawili tu, na mmoja wetu, yaani mimi, alikuwa anatoa hotuba. Tukaongeza watu wa kumenya, na harusini watu wakanywa wakasaza. Shangazi alinitania kwa hilo mpaka uzeeni mwake.

Sasa mwanangu, usidhani bibi kizee hana la kusema kuhusu gemu. Mjukuu wangu Mugisha, hapa kijijini kwetu Ndama, hucheza gemu ya vita kwenye kompyuta kila Jumamosi na dada yake Kemilembe, anayesoma Mwanza. Ndiyo saa yao ya kuzungumza, maana kwenye simu huambiana “poa” basi. Lakini kila wachezaji walipojaa uwanjani, kompyuta ya Mugisha iliganda, naye akafa wa kwanza. Kemilembe akaanza kucheza na wengine. Kijana aliumia, nami niliumia kumwona.

Mauzo ya kahawa yake yalikuwa yamempa uwezo wa kununua kitu kimoja tu: prosesa au kadi ya picha. Moyo wake ulikuwa kwenye kadi, ile yenye feni kubwa na taa aliyoiona dukani Kayanga. Nikamwomba anieleze kila kimoja kinafanya nini. Akasema prosesa hupanga mchezo, nani yuko wapi, risasi imempata nani. Kadi huchora kilichokwisha kupangwa. Nikacheka. Mmenyaji na mkanyagaji hao.

“Mpunguzie kazi huyo mchoraji,” nikamwambia, “tuone kama itakwama.”

Akashusha ubora wa picha hadi chini kabisa. Ikakwama vilevile. Akafungua sehemu inayoonyesha mzigo wa kila kifaa: prosesa imeelemewa, kadi inapiga soga. Akaenda Kayanga kuuliza prosesa ipi inaingia kwenye kompyuta yake, akainunua.

Jumamosi iliyofuata nilimsikia Kemilembe kwenye spika: “Mugisha, taratibu basi. Leo wewe ndiye unanisubiri mimi.”

Kwa hiyo, mwanangu, ukishusha picha na gemu ikalainika, nunua kadi bila wasiwasi. Ikiendelea kukwama, fedha yako ipeleke kwenye prosesa. Usiamuliwe na taa. Na hata shambani au nyumbani, kabla hujaongeza chochote, mtafute kwanza anayesubiri na umjue anamsubiri nani. Mungu akujalie macho ya kutazama hivyo, na kila Jumamosi akupe mtu wa kucheza naye.