Siku Niliyomsingizia Dada Mlimani

Baridi ya mwaka 2015 dada yangu alipanda basi kutoka Columbus, akaja kunitembelea Buffalo, huku huku Marekani. Ndiye aliyenilea katika kambi ya wakimbizi Tanzania baada ya mama kufariki, na nilitaka aone kwamba nimekuwa mtu, nina kazi na watoto. Wenzangu wa kazini, pale ghalani, walikuwa wakisimulia vigari vya theluji vinavyovutwa na mbwa huko milimani. Nikampeleka.

Mwenye mbwa, mama mmoja wa Kizungu, alimketisha dada mbele akamfunika blanketi. Mimi nilisimama nyuma yake, kwenye mbao za kutelezea.

"Hata ukianguka, usiachie ushikio," mama yule alinionya. "Mbwa hawatakusubiri."

Nikaitikia kama mzoefu. Dada, ambaye hakujua Kiingereza, aliuliza amesema nini.

"Anatutakia safari njema," nikamjibu.

Kwenye kona ya kwanza nilipepesuka, mikono ikaachia. Nilibaki nimelala kifudifudi, nikitazama mbwa sita wakitokomea na dada yangu kwenye misonobari, huku akiniita.

Mwenye mbwa alinifuata kwa pikipiki ya theluji, akanipakia. Tulikuta kigari kimelala ubavu, kamba zimenasa mtini. Dada alikuwa ameketi chini, kilemba kimemtoka, kiganja kinavuja damu.

"Ilikuwaje?" mama yule aliniuliza.

Nikamnyooshea dada kidole. "Aliogopa. Aligeuka akanivuta mkono."

Mama yule akachuchumaa mbele ya dada, akamweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba abiria hamgusi anayeendesha. Dada alitikisa kichwa kukubali, akatabasamu, akasema "senkyu," neno alilokuwa nalo. Kisha akanigeukia.

"Anasemaje?"

"Anakupa pole."

Jioni, akiwa jikoni kwangu anakoroga maharage na nyama kwa mkono wake mzima, nikamweleza ukweli.

"Kiingereza sikijui," alisema bila kugeuka. "Lakini kidole nilikiona, mdogo wangu."

Hakunigombeza. Alipakua, akaniwekea mimi kwanza, na nyama nyingi kuliko yake.

Kesho yake nilimsindikiza stendi, tukaongelea hali ya hewa. Neno samahani nililitamka kwa simu, wiki mbili baadaye, nikiwa nimejifungia kwenye choo cha kazini. Aliniambia yamekwisha, akaulizia watoto. Kwangu hayajaisha.